Sifa za Chuma Kilichochovywa

Waandishi wa Kiingereza hukimbilia kitenzi galvanize kila hotuba inapoamsha watu: umati umeshtuka, umeinuka, umeingia barabarani. Kitenzi hicho kimetokana na Luigi Galvani, daktari wa Bologna, aliyetangaza mwaka 1791 jinsi miguu ya chura aliyekufa ilivyoruka ilipoguswa na metali mbili zilizounganishwa. Yeye aliamini umeme umo mwilini mwa chura. Alessandro Volta akabisha, na ubishi wao ukazaa betri ya kwanza mwaka 1800.

Hayo ya hotuba nawaachia wanasiasa. Mimi nakipenda kitenzi hiki kinywani mwa fundi chuma, maana kwake ni kuchovya chuma katika zinki iliyoyeyuka, yenye joto la nyuzi 450 hivi za Selsiasi. Hapo hakuna waya wala swichi. Ufundi wenyewe hutangulia: chuma huondolewa mafuta, hulowekwa katika tindikali hadi kutu iishe, huoshwa, kisha hutiwa chumvi maalumu ili zinki ishike. Fundi mvivu hapa hana pa kujificha. Alipoacha uchafu, zinki hukataa, na chuma kikitoka kila mtu huliona doa jeusi. Fundi mwenye subira hukitoa polepole ili zinki ya ziada ichuruzike, na uso ukipoa mara nyingi huchanua yale maua ya fuwele tunayoyajua kwenye ndoo na mabati mapya.

Umeme basi uko wapi? Uko kwenye mkwaruzo. Bati likikwaruzwa na unyevu ukaingia, zinki na chuma huwa betri ndogo, na zinki ndiyo inayoliwa kwanza. Kwa sababu hiyo Stanislas Sorel, mhandisi Mfaransa aliyepata hataza ya kazi hii mwaka 1837, aliiita kwa jina la Galvani, na nadhani alilitendea haki kuliko wahutubiaji wote. Zinki hulinda miaka na miaka kimyakimya, ingawa chumvi ya bahari huimaliza upesi: bati la Mombasa halidumu kama la Nakuru.

Nawe fundi wa kuchomelea, bomba la zinki usilichome hivihivi. Moshi wake mweupe huleta homa. Kwangua zinki kwanza, fanya kazi penye hewa, na ukimaliza pakaa rangi ya zinki juu ya kiungo.