Mwana Hiti, Mchongo Unaomaliziwa na Mwali

Sanaa dhahania, yaani ile isiyoiga sura ya kitu bali hubakiza kiini chake katika mistari, maumbo na rangi, hudhaniwa na wengi kuwa ilizaliwa Ulaya, ilhali katika milima ya Uluguru, ambayo Kilakala ya mjini Morogoro imelala chini yake, na katika nchi inayoteremka hadi pwani, Waluguru, Wakwere na Wazaramo waliichonga bila kungoja nadharia yoyote. Mfano ulio bora ni mwana hiti, kisanamu cha mti, mara nyingi kisichozidi shubiri moja, ambacho mwali alikabidhiwa alipowekwa ndani.

Fundi wa mwana hiti alijua cha kuacha. Mikono hakuichonga, wala miguu. Kiwiliwili ni mcheduara tu, yaani umbo la gogo lililonyooka, lenye matiti mawili madogo na kitovu, na kichwani zimesimama nywele zilizogawanywa vishungi viwili, huku uso ukiachiwa alama chache mno. Umbo likishapunguzwa kiasi hicho, ngozi ya mti hugeuka uwanja wa mchoraji, na nakshi zilizokatwa juu yake, pale zilipo, husomeka kama picha isiyo na upande wa nyuma. Kisha ilifuata kazi ambayo kisu hakiiwezi: mwali alikipaka kisanamu mafuta, akakivisha shanga, akakilea kama mtoto, na viganja vyake vikakipa rangi na mng'ao uliokolea siku hadi siku, hata ikawa vigumu kusema uchongaji ulikoma wapi na upakaji rangi ulianzia wapi.

Mwaka 1965 msanii Mmarekani Donald Judd aliandika kwamba sehemu kubwa ya kazi bora mpya za wakati wake haikuwa michoro wala sanamu. Dai hilo lisingemshangaza fundi wa Uluguru, wala wanawake wa mashariki mwa Rwanda ambao, katika sanaa ya imigongo, huinua matuta ya samadi ya ng'ombe iliyochanganywa na majivu, kisha wakayapaka rangi nyeusi, nyeupe na nyekundu.

Kukiita kisanamu hiki mwanasesere, kama ifanywavyo mara nyingi, ni kukipunja, kwa kuwa umbo lilo hilo huonekana pia kwenye viti vya enzi, fimbo za wakuu na nguzo za makaburi, mahali pasipo na mchezo hata kidogo. Mwalimu wa sanaa wa Kilakala anayetaka kufundisha udhahania hana haja ya kuanzia Paris. Na aanze na mwana hiti.