Threads: Tamthilia Inayotunyang'anya Rimoti

Anayenunua tamthilia kwenye diski hununua pia mamlaka juu ya wakati. Anaweza kusimamisha tukio, kulirudia, au kuliruka likimzidi. Threads, tamthilia ya televisheni ya Uingereza kuhusu vita vya nyuklia iliyoandikwa na Barry Hines na kuongozwa na Mick Jackson, ilirushwa na BBC2 tarehe 23 Septemba 1984, na mwaka 2018 kampuni ya Severin Films ikaitoa kwa Blu-ray nchini Marekani. Je, kitisho chake kinapungua rimoti ikiwa mkononi? Naona hakipungui. Fani ya Threads imekwishajitwalia kila kitufe.

Ruth na Jimmy ni vijana wa Sheffield. Ruth ni mjamzito, na wawili hao wanajiandaa kuoana. Mzozo wa Marekani na Wasovieti kuhusu Iran unasikika nyuma yao, kwenye redio na televisheni ambazo watu hawazitilii maanani. Hadi hapo ni tamthilia ya kawaida ya familia. Lakini juu yake Jackson ameweka sauti ya Paul Vaughan, msimulizi aliyezoeleka katika vipindi vya sayansi vya BBC, pamoja na maandishi yanayojichapa kwenye skrini kwa mlio wa teleprinta. Maandishi hayo yana tarehe, saa na makadirio ya vifo; jina la Ruth hayalijui. Taharuki inazaliwa hapo: mtazamaji anawapenda watu ambao ripoti inawahesabu tu.

Bomu la kwanza la nyuklia linapolipuka, Jimmy anakimbia kumtafuta Ruth. Hatumwoni tena. Hakuna maiti wala kuagana. Ukirudisha nyuma mara kumi hutampata, kwa sababu kifo chake hakikupigwa picha. Kanuni ya mapenzi ya kwenye skrini, kwamba waliotenganishwa ama watakutana ama watazikana, imevunjwa bila tangazo.

Kisha tamthilia inaanza kujisimamisha yenyewe. Picha mnato za rangi nyeusi na nyeupe zinakatiza mwendo, na majuma yanarukwa, halafu miezi, halafu miaka. Mazungumzo nayo yanakauka. Ruth anapokufa miaka kumi baada ya vita, akiwa amezeeka kabla ya umri wake, binti yake Jane hamlilii. Lugha ya kuomboleza haikumfikia. Na tukio la mwisho ni la Jane mwenyewe: amejifungua, anamtazama mtoto, anafungua kinywa, na picha inaganda kabla ya sauti kutoka. Hapo mtazamaji hana tena cha kusimamisha.

Kuna tukio moja ambalo nyumbani linauma kuliko lilivyouma hewani. Watoto waliozaliwa baada ya vita wameketi mbele ya televisheni, wakitazama mkanda wa video uliochakaa wa kipindi cha shule kuhusu mifupa ya wanyama. Sauti ya mwalimu ni ya upole, ila ulimwengu aliokuwa akiueleza umekufa. Hines na Jackson walikwishaona kwamba kuhifadhi kipindi si sawa na kuhifadhi maana yake. Anayeitazama Threads kwenye diski anawatazama wenzake.

Usafi wa toleo jipya una gharama yake. Kazi hii ilipigwa kwa filamu ya milimita 16, tena inachanganya maigizo na picha za kumbukumbu. Ukungu wa kaseti za video uliifunika mishono yake. Diski inaiacha wazi, na mtu anaweza kulalamika kwamba udanganyifu umefichuka. Lakini Threads haikuwahi kuficha kwamba imeungwaungwa. Nguvu yake inatokana na ripoti kugongana na maisha, na mgongano huo unahitaji kuonekana. Kwa hiyo chenga za picha ziachwe na tofauti za rangi zisisawazishwe. Toleo litakaloilainisha tamthilia hii hadi ifanane na sinema ya kisasa litakuwa limehifadhi hadithi na kupoteza uhakiki wake juu ya televisheni yenyewe.