Kanuni ya Saba

Karatasi ya kanuni za darasa ni maandishi ambayo hakuna anayeyahakiki. Tunahakiki riwaya, tamthilia, mashairi, siku hizi hata nyimbo za singeli, lakini ukurasa uliotuelekeza namna ya kufikiri kwa miaka miwili tunauacha ukutani ufifie. Nataka niusome mmoja kwa makini. Ulibandikwa mlangoni pa maabara ya fizikia, Kidato cha Tano, tahasusi ya PCM, katika shule ya bweni ambayo sitaitaja. Ulikuwa na kanuni kumi kwa Kiingereza, kama ilivyo lugha ya kufundishia sekondari kwetu. Kila mmoja wetu alitakiwa kuzinakili kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari na kutia saini chini yake.

Tuanze kwa kuutendea haki. Kanuni ya tatu ilisema jibu lisilo na kizio linapata nusu ya alama. Tuliiona ya kikatili, lakini 5 peke yake si jibu la fizikia. Ni mita tano, sekunde tano au newtoni tano? Mhandisi anayesahau kizio anaweza kuangusha daraja. Kanuni ya nne ilidai tuonyeshe njia. Jibu sahihi lisilo na njia lilipata alama moja kati ya tano, na jibu baya lenye njia nzuri liliweza kupata nne. Sijakutana na kanuni ya haki kuliko hiyo katika elimu yangu yote. Ilimwambia mwanafunzi kwamba kuna mtu anayesoma fikra zake, si bahati yake.

Lugha ya karatasi ile, hata hivyo, inastahili kuchunguzwa. Karibu kila sentensi ilianza na mwanafunzi: mwanafunzi hataruhusiwa, mwanafunzi atapewa sifuri, mwanafunzi atarudia. Mwalimu hakutajwa hata mara moja. “Sisi” haikuwamo kabisa. Ukiitafsiri kwa Kiswahili unakutana na jambo ambalo Kiingereza chake kililificha: sisi tuna neno moja, kanuni, kwa mambo mawili. Tunasema kanuni za darasa, na tunasema kanuni za Newton. Za kwanza zinavunjwa na mvunjaji anaadhibiwa. Za pili hazivunjiki. Jambo likienda kinyume nazo, ni sisi tunaotakiwa kurudi kutazama upya tulichopima, au kanuni yenyewe. Fizikia ni somo la kujifunza tofauti hiyo, na karatasi yetu iliichanganya mahali pamoja, kwenye kanuni ya saba.

Kanuni ya saba ilihusu majaribio ya vitendo. Ilisema kwamba thamani ya g iliyo nje ya 9.6 hadi 10.0 haitapewa alama.

Kwa msomaji aliyesoma HGL au HKL, nieleze. Unafunga gololi ya chuma kwenye uzi, unaining’iniza, unaivuta kidogo pembeni na kuiachia. Unapima muda wa mizunguko 20 kwa stopwochi, unagawanya kwa 20, kisha unabadili urefu wa uzi na kurudia. Ukichora grafu ya urefu dhidi ya muda uliozidishwa kwa wenyewe, unapata mstari ulionyooka, na mteremko wake unakupa g, mchapuko unaotokana na mvutano wa dunia. Kila mwanafunzi anajua kabla hajagusa uzi kwamba jibu ni karibu 9.8. Hapo ndipo tatizo linapoanzia.

Darasa letu halikuchukua muda kugundua kwamba njia fupi ya kutii kanuni ya saba ni kuanzia mwisho. Unaandika 9.8, unarudi nyuma hadi kwenye mteremko, kutoka mteremko hadi kwenye muda, kisha unatikisa desimali kidogo ili jedwali lionekane limetoka kwenye mikono ya binadamu. Tuliita kupika data, na wapishi walikuwa hodari. Madaftari yalirudi na grafu ambazo hazikuwa na nukta hata moja iliyopotea njia.

Nilikaa meza moja na binti aliyepata 10.9 mara tatu mfululizo, kwa mikono yake, bila kupika. Itazame namba hiyo kama mhakiki anavyolitazama neno lililo mahali pasipotarajiwa. Mtu anayebahatisha hupata 9.2 leo na 10.5 kesho. Anayepata 10.9 kila mara ana kosa lenye tabia, na tabia inaweza kutambuliwa. Ukianza kuhesabu “moja” pale unapobonyeza stopwochi, badala ya “sifuri”, utakapofika “ishirini” gololi itakuwa imezunguka mara 19 tu. Muda wa mzunguko mmoja unapungua kwa asilimia 5, na kwa kuwa muda unazidishwa kwa wenyewe, g inapanda kutoka 9.8 hadi karibu 10.9. Namba ile ilikuwa inamwambia waziwazi alichokosea. Alifuta, akaandika 9.79, akapata alama zote. Aliondoka maabara bila kujua kuhesabu mizunguko, na kumbukumbu za shule zinaonyesha kwamba anajua.

Zipo habari za namna hii zilizochapishwa, na bora kuliko zote ni ya Mtanzania. Mwaka 1969 jarida la Physics Education lilichapisha makala ya Erasto Mpemba na Denis Osborne. Wengi tunaijua kama chanzo cha athari ya Mpemba, dai kwamba maji ya moto huweza kuganda kabla ya maji ya baridi. Mimi naisoma kama insha kuhusu kanuni za darasa. Mwaka 1963, akiwa Kidato cha Tatu Magamba, Mpemba aliweka maziwa ya aiskrimu kwenye friza yakiwa bado ya moto kwa sababu nafasi ilikuwa inagombewa, na yakaganda mapema kuliko ya mwenzake. Alipouliza, mwalimu alimjibu kwamba amechanganyikiwa. Baadaye, Mkwawa, Iringa, alimuuliza Osborne, mhadhiri wa fizikia aliyekuja kutoka Dar es Salaam kuzungumza nao, na wenzake wakacheka.

Kipande kinachonivutia zaidi ni kidogo. Osborne aliporudi chuoni alimpa fundi wa maabara kazi ya kulijaribu dai hilo. Fundi akaja na taarifa kwamba maji ya moto kweli yameganda kwanza, na akaahidi kuendelea kurudia jaribio mpaka apate jibu sahihi. Watu huichekea sentensi hiyo. Mimi naisikia kanuni ya saba ndani yake: mtu mwaminifu aliyefunzwa kwamba jibu hutangulia kipimo. Na haimaanishi kwamba Mpemba ndiye mwenye neno la mwisho. Mwaka 2016 Henry Burridge na Paul Linden walichapisha utafiti unaotilia shaka athari yenyewe. Walichofanya ni kupima, na hiyo ndiyo heshima ambayo swali la Mpemba lilistahili tangu 1963.

Najua utetezi wa kanuni ya saba. Mwalimu mwenye madaftari mia moja hawezi kusimama nyuma ya kila uzi, na kiwango cha namba ndicho kipimo cha haraka alichonacho. Vilevile mtihani wa taifa haumsubiri mtu. Katika Kidato cha Sita A inaanzia 80, inayohesabiwa pointi 1. B inaanzia 70, pointi 2. Chini ya 35 ni F, pointi 7. Daraja la kwanza ni pointi 3 hadi 9 katika masomo matatu, na nafasi ya chuo inategemea hesabu hiyo. Mzazi aliyeuza mahindi kulipia ada hataki kusikia habari za kosa lenye tabia.

Lakini tazama kejeli iliyomo. Somo linalofundisha kwamba hakuna kipimo kisicho na mashaka yake linamtenganisha mwenye 79 na mwenye 80 kana kwamba alama zimepimwa bila mashaka yoyote. Mfumo hauwezi kuondoa mipaka ya madaraja, nakubali. Mwalimu katika maabara yake anaweza kukataa kuongeza mpaka mwingine usio wa lazima, hasa ule unaowalipa waongo na kuwanyima alama wakweli.

Kanuni ya saba ningeiandika hivi: andika ulichokipima, kama kimeachana na 9.8, eleza kwa sentensi tatu kwa nini, na maelezo yana alama sawa na jibu. Haihitaji bajeti wala waraka wa wizara. Inahitaji mwalimu asome sentensi tatu, kazi ambayo kanuni ya nne tayari ilikuwa inamwomba aifanye kwenye maswali ya nadharia. Binti wa 10.9 angekuwa na la kuandika.