Salamu ya Wagumu

“Jambo Bwana”, wimbo uliotolewa na Them Mushrooms wa Kenya mwaka 1982, ulilelewa katika hoteli za pwani ya Mombasa, kisha ukapanda mlima. Wapagazi kutoka Moshi na vijiji vya Marangu na Machame huwaimbia wageni kambini, wakitia humo majina ya Kilimanjaro na Mawenzi. Kiitikio ni chepesi na makofi huafiki. Hata hivyo, mpenzi wa ushairi atahisi pengo. Katika ada ya Waswahili, “njema” ni jibu la kufungulia mlango. Baada yake ndipo ugonjwa na msiba husimuliwa. Wimbo huu huishia mlangoni. Mgeni akilemewa na hofu ya kilele cha Uhuru, mita 5,895, wapo wa kumliwaza. Mpagazi, aliyebeba kilo 20 mgongoni na hofu ya mgeni moyoni, hana ubeti wake. Hata jina waitwalo mlimani, “wagumu”, humnyima ruhusa ya kuchoka. Furaha ya wimbo ni ya kweli, ila salamu imekatizwa. Ubeti uliosalia unamngoja mtunzi kutoka kwa wagumu wenyewe.