Sifa ya Fundi Mziba Nyufa

Wajenzi wengi husifiwa kwa kinachoonekana: mlango wa nakshi, paa lililonyooka, sakafu inayong'aa. Mimi namsifu fundi ambaye akishamaliza, mwenye nyumba haoni kitu. Utampata katika nchi za baridi, na kazi yake ni kuziba nyufa, kisha kuifunika nyumba isipoteze joto.

Sisi wa pwani huuachia upepo njia. Dirisha hukabili dirisha kwa makusudi. Lakini huko Regina, Kanada, ambako majira ya baridi huweza kufikia nyuzi 30 chini ya sifuri, upepo ukipata tundu ni hasara. Hewa ya moto hupanda na kutorokea darini, palipopitishwa nyaya, mabomba na dohani. Nafasi yake hujazwa na hewa baridi inayonyonywa kutoka chini, usawa wa msingi. Kwa hiyo, wakati mwenye nyumba akihangaika na madirisha, fundi anayejua kazi hupanda darini, akatambaa kifudifudi vumbini.

Kwanza hufunga feni kubwa mlangoni, ikavuta hewa nje mpaka tofauti ya mgandamizo ifike paskali 50. Kisha huzunguka na kijiti cha moshi. Moshi ukiyumba penye soketi au pembe ya dari, upenyo umepatikana. Huziba kwa povu, ila kuizunguka dohani huweka bati na gundi inayostahimili moto, maana povu huungua. Uangalifu huo, mahali ambapo hakuna atakayechungulia, ndio unaonifanya nimheshimu. Mwisho hupuliza darini nyuzi za magazeti yaliyosagwa na kutiwa dawa ya boroni ya kuzuia moto. Anayetanguliza nyuzi kabla ya kuziba ameivika nyumba sweta la matundu: hewa hupenya vilevile, na unyevu iliobeba hugeuka maji juu ya mbao baridi, zikaoza.

Kazi hiyo ya kuzuia hewa ina mfano wake maarufu. Mwaka 1977, mjini Regina, mhandisi Harold Orr na wenzake walijenga nyumba iitwayo Saskatchewan Conservation House: kuta za unene wa sentimita 30 hivi, utando wa plastiki wa kuzuia hewa, na kifaa kinachotoa hewa chafu huku joto lake likipokewa na hewa safi inayoingia. Haikuwa na tanuri la kupashia joto. Mjerumani Wolfgang Feist alijifunza kutokana na kazi hiyo, na nyumba yake ya Darmstadt, iliyofuata kanuni hizohizo, ikakamilika mwaka 1991.

Kifaa kile cha kubadilisha hewa hakikuwa anasa. Nyumba iliyobana, yenye tanuri bovu la gesi na isiyo na njia ya hewa, huweza kuua waliolala ndani. Fundi mwadilifu hupima tanuri kabla hajafunga mkoba wake, hata kama hakuombwa.

Ndugu zangu mnaoishi Minneapolis, Toronto na kwingineko kwenye theluji, kabla hamjanunua hita ya pili, mwiteni fundi mwenye feni ya mlangoni, na mwacheni aanzie darini.