Binti Asiyesimuliwa: Uhakiki wa Masimulizi ya Felicitas Niyitegeka wa Gisenyi

Makala haya yanahakiki namna maisha ya mwanamke aliyewekwa wakfu yanavyosimuliwa nchini Rwanda, kwa kumrejelea Felicitas Niyitegeka. Aliuawa Gisenyi mwezi Aprili 1994 pamoja na Watutsi aliowahifadhi katika Kituo cha Mtakatifu Petro, ilhali yeye mwenyewe alikuwa Mhutu. Leo yumo katika daraja la Imena la mashujaa wa taifa.

Masimulizi mengi humwita sista. Kwa hakika alikuwa mmoja wa Wasaidizi wa Utume, wanawake walei waliojitoa kwa useja na kazi ya Kanisa pasipo kuishi kama watawa wa ndani. Jina hilo la sista linamrudisha nyuma ya ukuta mtu ambaye wito wake ulimweka mlangoni, akipokea wageni na, hatari ilipofika, akiwasaidia wakimbizi kuvuka mpaka kwenda Goma.

Kasoro ya pili ni nzito zaidi. Alizaliwa mwaka 1934, lakini masimulizi humwanza akiwa na karibu miaka 60. Binti aliyeingia katika malezi ya wakfu hatumwoni. Alifundishwa nini kuhusu utii, na alijifunza wapi kwamba utii una mpaka?

Fununu tunaipata katika barua yake kwa kaka yake, kanali wa jeshi aliyemsihi aondoke. Anamshukuru, anakataa kuwaacha watu 43 walio chini ya dhamana yake, anaomba sala, anamwagiza amuage mama yao mzee, kisha anataja tumaini kwamba Mungu akiwaokoa wataonana kesho. Usomaji unaoishia kwenye kukataa kwake humfanya mtu aliyetamani kufa. Tumaini la mwisho likisomwa pia, anaonekana mwenye nyumba anayetoa hesabu ya wageni wake. Msamiati wake wote ni wa dhamana. Neno la ushujaa tumeliongeza sisi.

Swali la malezi halikwepeki, kwa kuwa nadhiri peke yake haielezi tendo hilo. Mwaka 2001 mahakama ya Brussels iliwatia hatiani watawa wawili wa monasteri ya Wabenedikto ya Sovu, Consolata Mukangango na Julienne Mukabutera, kwa kuhusika na mauaji ya wakimbizi. Walihukumiwa vifungo vya miaka 15 na 12. Nao walilelewa katika sala, ukimya na utii.

Kwa hiyo, waandaaji wa mitaala na makumbusho wasitosheke na siku ya kifo. Wakusanye, kwa Kinyarwanda na kwa Kiswahili kinachosemwa pande zote mbili za mpaka wa Rubavu, kumbukumbu za wanawake waliopitia malezi hayo wangali hai. Kijana anayeonyeshwa shujaa aliyekwisha kukamilika atamstahi. Anayeonyeshwa jinsi binti alivyolelewa hata akaweza kukataa, ataweza kujifunza.