Bamvua Katika Ripoti ya Mwanafunzi
Tumesoma ripoti ya mwanafunzi wa shahada ya kwanza juu ya kupwa na kujaa kwa maji pwani ya Kiwengwa. Ameandika kwamba “maji yalitoka sana”. Sana kiasi gani, na mwezi ngapi? Mkulima wa mwani angemtajia bamvua, yaani maji ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu; maji mafu huja mwezi ukiwa nusu. Istilahi hizo zimo vinywani mwa wavuvi, ilhali sisi wa ofisini (tukiri) twahangaika kubuni nyingine. Lakini neno bila kipimo halitoshi. Mwalimu asimsahihishie sarufi tu; amrudishe ufukweni na mti wenye alama za sentimita, aandike kimo, saa na tarehe.